Namna ya Kuishinda Milima ya Udzungwa Bila Kuchafua Viatu

Tuelewane kwanza. Likizo ya porini haifanywi kwa ajili ya familia. Familia yako ingeridhika na kulala mpaka saa nne, kuku wa kuchoma na umeme usiokatika. Likizo ya porini inafanywa kwa ajili ya shemeji yako, yule aliyekwenda Ngorongoro mwaka juzi na mpaka leo ukimkaribisha chai lazima faru atokee kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Huyo ndiye mteja wako. Kila utakachosoma hapa kimepangwa kwa ajili yake.

Ndiyo sababu sikupeleki Serengeti. Serengeti kila mtu ana binamu anayeendesha gari la watalii; ukidanganya kidogo tu, unaumbuka. Nakupeleka Kilolo, mkoani Iringa. Ina baridi, ina msitu, ina vijito vinavyoporomoka mabondeni, na wengi wanaojiita wenyeji wa Iringa huishia Ipogolo. Hakuna wa kukubishia. Hilo ni jambo kubwa kuliko simba.

1. Jifunze namba kabla ya njia

Mtu anayezijua namba haulizwi kama alifika. Kabla hujafunga begi, kariri hizi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990. Upande wake wa magharibi uko Kilolo, upande wa mashariki unatazama bonde la Kilombero. Haya ni ya kuanzia mazungumzo tu.

Namba ya kutunza kwa siku ya siku ni mita 170. Huo ndio urefu wa maporomoko ya Sanje. Maporomoko ya Victoria, yale ya Zambia na Zimbabwe ambayo watu hupanda ndege kwenda kuyaona, yana mita 108. Weka kikombe chini, tazama dirishani, sema kwa sauti ya mtu asiyependa kujisifu: "Sanje ni marefu kuliko Victoria." Halafu nyamaza. Usiongeze kwamba Sanje yanashuka kwa awamu, wala kwamba Victoria ni pazia la maji lenye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu linaloanguka kwa mpigo mmoja. Shemeji hakuuliza.

Angalizo moja: chunguza kwanza nani yupo sebuleni. Kama kuna mtu wa Rukwa, habari ya mita iache kabisa. Atakutolea Kalambo, zaidi ya mita 200, tena wima.

2. Chagua mwezi mbaya

Mjuzi wa kweli atakwambia hivi: wanyama wafuate kiangazi, kuanzia Juni, nyasi zikiwa fupi na wanyama wa Hifadhi ya Ruaha wakikusanyika mtoni, maji yafuate wakati wa mvua, maporomoko yakiwa yamejaa. Ni ushauri mzuri na hautufai. Wewe fanya kinyume. Nenda kutafuta wanyama nyasi zikiwa zimepita kichwa cha dereva, na nenda kwenye maporomoko yakiwa yamekonda.

Kwa nini? Kwa sababu hapo umepata sentensi bora kuliko zote za likizo: "Tulikwenda nje ya msimu." Aliyekosa kuona kitu anageuka mtaalamu kwa maneno manne. Watoto wakilalamika, ni msimu. Picha zikiwa mbaya, ni msimu. Likizo za shule huwa Juni na Desemba, kwa hiyo siku zote kuna kitu kimoja ambacho hakiko katika ubora wake. Wizara imekusaidia bila kujua.

3. Vuna Mikumi bila kushuka

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Watu wanalipia gari lenye paa la kufunguka ili waone kile ambacho abiria wa basi anakiona huku akila mayai ya kuchemsha. Amsha watoto mkishaipita Doma. Swala watakuwepo, twiga mara nyingi, pundamilia, nyani wanaojikuna kando ya lami, na siku njema tembo. Nusu ya wanyama wako wote utawapata hapa.

Piga picha kwa akili. Shusha kioo, maana mkwaruzo wa kioo umewaangusha wengi. Kata lami. Kata lori la mafuta. Usiwarushie nyani ndizi wala usimhimize dereva akimbie: faini ni za kweli, na kando ya barabara kuna mabango yanayotaja ya kila mnyama ukimgonga. Wasomee watoto hayo mabango. Ni somo la hesabu na la elimu ya viumbe kwa pamoja, na kwako ni ushahidi kwamba mlikuwa na ratiba ya mafunzo.

4. Chukua jasho lako Ruaha Mbuyuni

Hapa ndipo mabingwa wanapotengana na wanagenzi. Ukishafika Ruaha Mbuyuni, ujue umeshaingia wilaya ya Kilolo, ingawa hakuna dalili. Ni joto kali, mibuyu, vumbi, na vitunguu vinavyosukumwa dirishani kabla basi halijasimama. Usiwaambie watoto kwamba hii ndiyo Kilolo; uliwaahidi baridi na wamevaa masweta.

Shuka. Simama juani dakika tano. Jasho likishachuruzika mpaka shingoni, mpe mwanao simu akupige picha ya uso pekee, nyuma ziwe mbingu tu. Umepata picha ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Itunze. Utaituma siku tatu baadaye, ukiwa umejifunika blanketi mbili.

Kisha kunakuja Kitonga. Malori yanapanda kwa kunguruma, kona juu ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, na abiria wote wanaacha kuzungumza. Andika kwenye status: "Tumepanda Kitonga." Uachie hapo. Kila neno ni kweli.

5. Kopa matope

Ukishaipita Ilula na matenga yake ya nyanya, ukishuka Ipogolo, unakata kuelekea Kilolo. Mnapanda tena. Ukungu, mashamba ya viazi na njegere, misitu ya kupandwa, na baridi inayopenya soksi. Mwenyeji wako akiwa mzee wa Kihehe, msalimie "Kamwene" kabla ya kutoa mkono. Neno hilo moja litakufanya upendwe kuliko zawadi uliyobeba, na ni jepesi kubeba.

Sasa viatu. Vyako ni vipya, vinang'aa, na vinakushitaki. Usivitumie. Nyuma ya kila nyumba ya Kilolo kuna gambuti zimeegemezwa ukutani, na kila gambuti ina udongo wa kutosha safari tatu. Omba. Utaazimwa kwa moyo mweupe, tena mama mwenye nyumba atataka kuziosha kwanza. Mzuie! Huo udongo ndio uliokuleta.

Kuhusu ulanzi nakuwa mkali kidogo. Ukifika wakati wa mvua utakuta mianzi imekatwa ncha, mbeta zimetundikwa, maji yanadondoka tone kwa tone tangu alfajiri. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mpole, hata bibi mkwe atakunywa. Ule uliokaa siku kadhaa unaitwa mkangafu, na huo haujali kwamba wewe ni mgeni kutoka Dar es Salaam mwenye shahada. Ukikaribishwa, onja, sifu, rudisha kikombe. Vituko vyote vya likizo hii tunavitunga wenyewe; hatutaki cha kweli.

Na watoto? Saa moja baada ya kufika hutawaona. Watakuwa wameondoka na watoto wa mwenyeji kwenda kuteka maji. Watarudi jioni wamelowa mpaka mapajani, wana magome ya miti mifukoni, wanagombana kuhusu kima waliyemwona juu ya mti na kijito kilichoporomoka mahali ambapo hawawezi kupaeleza. Usiwagombeze. Wasimamishe mlangoni jinsi walivyo, simama katikati yao, piga picha. Tabasamu kwa uchovu.

6. Hesabu kilichopita

Kuhusu wanyama wa msituni, sheria ni moja: kilichopita kimeonekana. Mbugani mnyama anasimama mkatazamana; msituni unasikia tawi limevunjika, na hiyo ndiyo ziara yenyewe. Kwa hiyo mavi ya tembo ni tembo. Tawi lililotikisika ni mbega. Kelele za hondohondo juu ya miti ni hondohondo watano, au saba ukiwa na moyo mkunjufu.

Usione haya. Sayansi yenyewe katika milima hii imeanzia pabaya zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi Udzungwa waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Hivyo ndivyo dunia ilivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye leo wapenda ndege wanapanda ndege kuja kumtafuta. Shemeji akikuuliza, "Mlimwona kwa macho?" unalo jibu: hata waliomgundua walianzia jikoni.

Kima anayeitwa kipunji ni kisa kingine cha kukufaa. Wawindaji wa Rungwe, kule Mbeya, walikuwa wakimsimulia tangu zamani, na jina hilo ni lao. Watafiti walimthibitisha Rungwe mwaka 2003, mwaka uliofuata akaonekana katika msitu wa Ndundulu, upande wa Kilolo, juu ya kijiji cha Udekwa, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa. Jifunze hapo. Kuona si kazi. Kazi ni kutangaza.

Au fuata njia ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu. Huyo alinaswa na kamera iliyotegwa Ndundulu mwaka 2005, akatangazwa 2008 kuwa ni aina isiyojulikana. Ana uzito wa gramu 700 hivi na pua inayochezacheza. Kamera iliachwa msituni ikafanya kazi yenyewe. Sijawahi kusikia mbinu ya utalii inayonivutia zaidi. Tega simu juu ya kisiki, nenda kalale. Mnyama asipotokea, utakuwa na picha mia nne za majani, na utaziita "data".

7. Fika kwenye maji, kwa kiasi

Tunakuja kwenye maporomoko. Kwa kuanzia, yapo madogo, yale ambayo watoto wako tayari wameyaona bila wewe. Maji yanayoanguka mita tatu yanatosha kabisa. Piga magoti, shusha simu mpaka iguse jiwe, elekeza juu, mtu yeyote asiwepo pichani. Binadamu ndiye adui wa maporomoko madogo, kwa sababu anaonyesha kipimo.

Kama dhamiri inakusumbua, fikiria Kihansi. Kule mpakani mwa Iringa na Morogoro kulikuwa na maporomoko yaliyorusha manyunyu usiku na mchana, na katika manyunyu hayo, kwenye eneo la kama hekta mbili, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita tatu, asiyepatikana penginepo duniani, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Likajengwa bwawa la umeme wa megawati 180. Kuanzia kama mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji, karibu tisa ya kumi, ikaelekezwa kwenye mitambo, na chura akafungiwa mabomba ya kumnyunyizia. Maporomoko ya bomba! Yamejengwa na wahandisi, kwa bajeti. Wewe na mita zako tatu unaogopa nini?

Mabomba hayakutosha. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Bahati yake, 499 walikuwa wamesafirishwa mapema kwenda kulelewa Marekani, na kuanzia 2012 wajukuu zao wakaanza kurudishwa korongoni. Lakini hatupo hapa kwa habari za huzuni, tuendelee.

Yatakuja malalamiko: watoto wanataka Sanje. Umezitaja mita 170 mara nyingi mno. Hapo utalazimika kwenda, na utagundua jambo ambalo ramani ilikuficha. Milima ni ileile mliyoiona Kilolo, lakini maporomoko yako upande wa pili. Mnashuka Kitonga, mnarudi mpaka Mikumi mjini, mnakata kusini, mnapita Kidatu, ndipo mnafika Sanje na Mang'ula lilipo lango kuu. Ni kuamkia jikoni na kuuzunguka mtaa mzima ili uingie sebuleni mwa nyumba ileile. Lala usingizi garini. Amka ukiulizwa namba ya malipo, kwa sababu getini hawapokei noti mkononi.

Nafasi yako bora ya kuishia ni hapo hapo Mang'ula. Mbega wekundu, wale ambao wako katika milima hii na jirani zake tu, huja mpaka kwenye miti ya karibu na ofisi za hifadhi. Kaa kwenye kivuli, inua shingo, umemaliza. Wengi wangekuelewa. Familia yako haitakuelewa.

Kwa hiyo mnapanda, na kiongozi, maana bila kiongozi hamruhusiwi. Njia ya Sanje inachukua kama saa nne kwenda na kurudi, na mwanzo wake umeinuka kuliko adabu inavyoruhusu. Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo nilipowekeza elimu yangu yote. Usiseme umechoka. Sema unamsubiri mtoto. Tatizo ni kwamba mtoto ametangulia na sauti yake inasikika juu kabisa. Basi sema unamsubiri bibi. Bibi atakupita baada ya dakika mbili, amefunga kanga kiunoni, amevaa ndala, na atakuuliza kwa huruma ya kweli kama akusaidie begi. Amelelewa milimani huyo. Kuni na ndoo zimempitisha kwenye miinuko ambayo haina kiingilio.

Limebaki kimbilio moja: ua. Inama, shika kiuno, tazama mmea wowote kwa unyenyekevu. Katika milima hii huota jamaa wa ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda madirishani. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya kutoka Usambara mwaka 1892 na likapewa jina lake. Mwulize kiongozi maswali marefu kuhusu majani. Botania ndiyo kimbilio la mwenye pumzi fupi. Ukiipanga vizuri, waliotangulia watafika, wataoga, watakula chapati na watashuka wakukute kwenye ua la nne.

8. Mshughulikie shahidi

Mkirudi nyumbani, shemeji atakuja siku ya pili. Una picha ya jasho, una gambuti za udongo, una wanyama wa Mikumi bila lami, una namba. Kila kitu kiko tayari, isipokuwa mtoto wa miaka sita amekaa mkekani.

Usimhonge soda. Mtoto aliyepewa soda ili anyamaze huwa anaanza na habari ya soda. Wala usimwagize cha kusema, kwa sababu atakitazama kwanza usoni mwako kabla ya kukisema. Njia salama ni kuwahi: "Mimi ndiye nilikuwa mpiga picha." Hilo linaeleza kwa nini bibi yumo pichani chini ya Sanje, mama watoto yumo, watoto wamo, wewe haumo. Shemeji atatikisa kichwa kwa heshima. Mpiga picha siku zote ni mtu wa kujitoa.

Halafu mtoto atasema, bila ubaya wowote, kwamba picha alipiga kiongozi, na kwamba baba alibaki chini na maua.

Kutakuwa na ukimya. Usijitetee. Mimina chai. Nimeliona hilo kwa wengi, na matokeo ni yaleyale: shemeji hacheki. Anauliza maji yalikuwa baridi kiasi gani. Mtoto anasimama kumwonyesha yalivyomfika kifuani, bibi anaongeza habari za njia, mama watoto anatoa simu, na faru wa Ngorongoro hakumbukwi na mtu. Kabla kikombe hakijaisha, shemeji atakuwa ameshaomba Juni ijayo muende wote, na wewe, kwa kuwa unaijua milima, uwaongoze.

Hapo mwongozo wangu unafika mwisho, kwa sababu ya ukweli mmoja ambao sikupata njia ya kuuzunguka: ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya gari. Kila anayekwenda huko, waziri, mtafiti au mkwe, anakwenda kwa miguu. Kilele cha Mwanihana ni safari ya siku tatu. Anza na ngazi za kazini kwako, asubuhi na jioni, na viatu vile vipya uvivae mapema vilainike.